Viza ya mwenza mpaka indefinite (ukaazi wa kudumu) hapa UK: wakili wa kazi nzima au ukaguzi wa makaratasi tu?

Naandika hii kwa sababu nimechoka kurudia voisi zile zile WhatsApp, kila anayekaribia kumaliza miaka yake mitano ya viza ya mwenza ananiuliza "dada ulitumia wakili gani na alikuchaji bei gani", sasa na mimi nimeamua niweke yote hapa mara moja, mtu asome mwenyewe.

Ofisi yenyewe siitaji jina maana sitaki mambo, ni ofisi ndogo ya mambo ya uhamiaji, ghorofani juu ya duka la miwani, mji wa jirani na kwetu. Wanauza vitu viwili. Cha kwanza ni kazi nzima, wanakujazia fomu, wanaandika barua ya kusindikiza, wanapandisha nyaraka, wanakuwa wawakilishi wako mpaka jibu litoke, hiyo wanataka pauni 1,400 na VAT ya asilimia 20 juu yake, kwa hiyo piga hesabu ni 1,680. Cha pili ni ukaguzi, unajaza fomu mwenyewe unakusanya makaratasi mwenyewe halafu unawapelekea, mtu anakaa na wewe anapitia karatasi moja moja anakuambia kipi kimepelea, pauni 240 na VAT humo humo. Mimi nilichukua ukaguzi. Shoga yangu, ambaye viza yake ilikuwa inaenda sambamba na yangu, alichukua kazi nzima ofisi hiyo hiyo. Kwa hiyo hii rivyuu ina pande mbili.

Nikwambie mapema kabisa: ukaguzi ningelipia tena kesho. Kazi nzima, kama kesi yako imenyooka, hapana.

Kwa wale ambao ndo kwanza mnaingia kwenye hii safari, viza ya mwenza unapewa miezi 33 ukiombea nje ya nchi, unaongeza miezi 30, halafu ukitimiza miaka 5 unaomba ukaazi wa kudumu, ile tunayoita indefinite, fomu yake SET(M). Mimi niliingia 2020. Wakati ule viza ilikuwa pauni 1,523 na ile ada ya NHS (huduma ya afya ya serikali) 1,200, nikaongeza 2023 kwa 1,048 na NHS tena 1,560, na mwaka 2025 indefinite yenyewe ikawa 3,029, hapo NHS hulipi tena. Jumla elfu nane mia tatu sitini. Na mimi ni wa bei ya zamani jamani! Kwa ada zilizoanza Aprili 2025 mtu aliyeanza upya viza tu ilikuwa 1,938, NHS 3,105 kwa sababu imepandishwa mpaka 1,035 kwa mwaka toka Februari 2024, nyongeza 1,321 na NHS yake 2,587 na senti, halafu ndo hiyo 3,029, yaani karibu elfu kumi na mbili kwa kichwa kimoja, bado wakili, bado mitihani, bado nauli ya kwenda huku na huku. Ndo maana nasema pauni 1,680 ya wakili ni hela ya kufikiria mara mbili, siyo hela ya kutoa kwa woga.

Maana tuseme ukweli, wengi tunalipa kwa woga. Mtu akisikia Home Office, wizara inayoamua mambo ya uhamiaji, tumbo linauma. Na hawa watu wa maofisi wanalijua hilo, ukipiga simu tu swali la kwanza wanakuuliza "umebakiza muda gani?" kwa sauti ya daktari.

Kabla ya ofisi hii nilielekezwa kwa kaka mmoja wa kwetu anayefanya shughuli nyuma ya duka la kutuma hela, mia tatu tu, anajaza kila kitu, "mimi nimeshawapitisha wengi". Nikamuuliza namba yake ya usajili akaanza stori ndefu. Nikaaga. Sikilizeni, huku mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa ni kosa la jinai, sheria ya 1999, awe solicitor (wakili) anayesimamiwa na mamlaka yao au awe kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa inaitwa OISC mpaka Januari 2025 ikabadilishwa jina. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya serikali, unaandika jina unaona. Ofisi niliyoenda niliwatafuta kwanza nikawakuta, ndo nikaweka apointimenti.

Sasa ukaguzi wenyewe. Alinipokea mama mmoja mtu mzima, wala hakunichangamkia sana, akasema tuweke kila kitu mezani. Shemeji yenu alikuja na faili lake la kazini mimi na langu. Yule mama akachukua rula na kalamu ya njano. Pesilipu ya mwezi wa kwanza anaweka rula chini ya mshahara unaobaki mkononi, anafungua taarifa ya benki anatafuta kiasi kile kile, akikiona anapiga njano pande zote mbili, anaenda mwezi unaofuata. Hasemi kitu. Kufika mwezi wa nne rula ikasimama. Hela iliyoingia benki ilikuwa pungufu ya iliyoandikwa kwenye pesilipu. Akamgeukia shemeji yenu, "hii imebaki wapi?" Kumbe ule mwezi kampuni ililipa mara mbili, mshahara siku yake, na zile ovataimu siku mbili mbele kwa jina tofauti la malipo. Sisi tunajua, tumeishi na hiyo hela. Afisa wa Home Office atajuaje? Akasema barua ya mwajiri iandikwe upya, hiyo iliyopo inataja cheo na mshahara na ameanza lini, iongezwe sentensi moja kuhusu mwezi ule. HR wakaiandika ndani ya siku chache, imekwisha.

Hapo tu pauni 240 yangu ilirudi. Nilikuwa nimeziangalia zile karatasi usiku kucha na sikuwahi kuona, kwa sababu mtu ukishajua jibu macho hayatafuti tena.

Kuhusu kiwango cha kipato, watu wanachanganya sana. Ile pauni 29,000 kwa mwaka ni kwa walioanza njia hii kuanzia tarehe 11 Aprili 2024. Kama ombi lako la kwanza la mwenza liliingia kabla ya hapo na uko na mwenza yule yule, wewe unabaki na 18,600 mpaka indefinite. Na ukishakuwa ndani na ruhusa ya kufanya kazi, mishahara yenu wote wawili inajumlishwa. Kuna dada alikuwa amehamisha mume kazi mbili kwa presha ya 29,000 na wala haikumhusu.

Halafu barua za kuishi pamoja. Wanataka barua sita zenye majina yenu wote wawili, zitoke sehemu zisizopungua tatu, zitawanyike ndani ya miaka miwili ya mwisho. Kama za pamoja hazitoshi unaweka za kila mmoja kwa jina lake, ila anwani iwe moja. Nyumba nyingi za kwetu baba ndo anaandikwa kila kitu, umeme yeye, maji yeye, intaneti yeye, mama ana barua za kliniki basi. Yule mama akazipanga zile barua mezani kama anacheza karata, hii ya kansoli (halmashauri), hii ya benki, hii ya maji, hii ya kliniki yangu, akabandika namba moja mpaka sita, akaziondoa mbili akasema hizi zote ni za miezi mitatu ya mwisho, nipe za mwaka juzi. Nilikuwa nazo nyumbani, nashukuru mimi situpi karatasi, shemeji yenu hunicheka kwa hilo. Kama bado uko mwaka wa kwanza au wa pili piga simu kampuni ya maji leo wakuongeze jina, ni simu ya dakika tano na haina gharama.

Cheti cha ndoa, kama chako ni cha Kiswahili, tafsiri lazima iwe na tamko la mtafsiri, jina, sahihi, tarehe na jinsi ya kumpata. Tafsiri ile ile iliyopita mwanzo ndo uiendeleze, usiende kutafuta mpya yenye herufi tofauti za majina ukajitafutia balaa.

Nilimuuliza tarehe pia. Unaruhusiwa kuomba siku 28 kabla ya kutimiza miaka mitano, siyo zaidi. Na miaka mitano unaihesabu toka siku uliyoingia nchini kwa viza ya mwenza, siyo siku viza ilipotoka, na kama uliingia kwa viza ya uchumba ile miezi sita haihesabiwi kabisa. Hii kitu inawamaliza watu, maana ukiwahi mno unaweza kukataliwa na ada hairudi. Alinichorea mstari kwenye karatasi, huku tarehe ya kuingia, huku siku ya kwanza ya kuomba, huku viza inaisha, akasema kaa hapa katikati. Karatasi ile nilibandika kwenye friji. Na siku za kusafiri, mliokuwa mnaogopa kwenda nyumbani, njia ya mwenza haina ule ukomo wa siku 180 za kuwa nje kwa mwaka walionao watu wa viza za kazi, ila fomu inauliza safari zote na wanataka kuona maisha yenu yako huku. Nilienda Tanga msibani nikakaa muda wa kutosha, nikaandika hivyo hivyo, hakuna aliyeuliza.

Sasa nije kwa shoga yangu na kazi nzima yake. Alipolipa alitumiwa dodoso la kurasa nyingi ajaze, safari zote, kazi zote, wazazi wamezaliwa lini. Nyaraka akakusanya mwenyewe, kwani nani mwingine atazikusanya? Barua za maji ziko kabatini kwake. Ofisi ikachukua majibu yake ikayahamishia kwenye fomu ya mtandaoni, ikaandika barua ya kurasa tatu inayoeleza sheria ambazo afisa anazijua kwa moyo. Rasimu ilipokuja aisome kabla ya kutuma akakuta safari yake ya Dar mwezi na siku vimegeuzwa, kwa hiyo inaonekana aliondoka kabla hajaingia. Akawaambia, wakarekebisha, wakaomba radhi. Mitihani akafanya mwenyewe, kuchukuliwa alama za vidole akaenda mwenyewe. Wote wawili tumepata. Tofauti yetu ni pauni 1,440 na yeye kulala usingizi mzuri zaidi yangu, hilo nampa, alilala.

Siwasemi vibaya, kuna watu kazi nzima inawafaa na yule mama mwenyewe alinitajia: uliyewahi kunyimwa viza, mwenye kesi mahakamani hata ndogo, uliyeacha pengo viza ikaisha, mwenye kampuni yake mwenyewe au aliyejiajiri maana zile hesabu za kodi ni dunia nyingine. Hao walipe bila kinyongo. Na hapa niongeze kitu, dada zangu mnaovumilia kipigo eti mpaka miaka mitano iishe, kuna njia yake kabisa, aliyenyanyaswa na mwenza anaweza kuomba indefinite bila kusubiri hiyo mitano, na kama huna hela unaweza kuomba ada isamehewe. Aliyefiwa na mwenza naye ana njia yake. Msikae kimya kwa kuogopa makaratasi.

Mtihani wa Life in the UK, ule wa historia na maisha ya Uingereza unaotakiwa kwa indefinite, huo ofisi haikusaidii na wala usilipie darasa. Ni pauni 50, maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18. Soma kile kitabu rasmi, fanya majaribio ya bure ya mtandaoni mpaka uchoke, wake sita wa Henry VIII, 1066, Magna Carta 1215, wanawake kupiga kura sawa na wanaume 1928. Nilifurahi nilipomkuta Mo Farah wetu humo, mtoto wa Kisomali aliyekimbia akaleta dhahabu mbili 2012. Siku ya mtihani wanakukagua masikio, mikono ya nguo, mifuko, mwenye hijabu unakaguliwa na mwanamke pembeni, usishtuke. Jina ulilobuku nalo lazima lilingane na kitambulisho, sisi wa majina matatu tuangalie hapo, la kati likikosekana wanaweza kukurudisha na hela yako imeenda. Ukifeli unasubiri siku saba unarudia, ukifaulu hauishi muda, kwa hiyo fanya mapema tu.

Kiingereza kwa indefinite nilipoomba 2025 kilikuwa B1 (ngazi ya kati, juu ya A1 na A2), kuongea na kusikiliza. Tanzania, Kenya, Uganda hatumo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa, pamoja na kusoma sekondari yote kwa Kiingereza, basi tu. Ila kama una digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza, hata ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), unaweza kuithibitisha kwa Ecctis, shirika linalolinganisha vyeti vya nje, ukaitumia badala ya mtihani. Na kama unafanya mtihani fanya B1 toka mwanzo badala ya A1, halafu A2, halafu B1, unalipa mara tatu za nini? Ukishaitumia ikakubaliwa unaweza kuirudia mbele ya safari hata kama cheti kimepita miaka yake miwili, mradi mtihani huo na waliousimamia bado wako kwenye orodha.

Kutuma fomu, nilipandisha nyaraka mwenyewe usiku, pdf moja moja nimezipa majina yanayoeleweka, kule kwenye kituo cha vidole wanaweza kukuskania kwa hela, sikuona haja. Kituoni picha, vidole, kwaheri. Kusubiri kwa kawaida wanasema mpaka miezi 6. Kuna ile ya haraka ya pauni 1,000, jibu siku ya kazi inayofuata, nayo sikuilipia maana sikuwa na safari. Ambaye ana safari afikirie, kwa sababu ukitoka nje ya nchi ombi likiwa bado ndani linahesabika umelifuta mwenyewe. Viza ikiisha huku unasubiri usipagawe, kama uliomba kabla haijaisha masharti yako ya zamani yanaendelea, kazi unaenda kama kawaida.

Jibu likaja kwa imeili asubuhi niko kazini. Hakuna kadi siku hizi, ni eVisa tu, viza ya mtandaoni, unaingia kwenye akaunti ya UKVI (idara ya viza) unaona imeandikwa, unatoa shea kodi, namba ya kuonyesha ruhusa yako, unampa mwajiri. Nilisikitika kidogo, hela yote hiyo nilitaka kitu cha kushika mkononi. Hakikisha pasi yako imeunganishwa kwenye ile akaunti, na ukibadilisha pasi ingia ubadilishe namba, usije kukwama kaunta ya ndege Dar ukielezea watu habari za mtandao.

Wiki ile ile ofisi wakanitumia imeili ya pongezi na bei ya kifurushi cha uraia. Wako macho hao! Kweli aliyeolewa na raia anaweza kuomba siku hiyo hiyo akipata indefinite kama ameishi miaka mitatu, ilikuwa 1,735 pamoja na ile sherehe ya kupewa uraia, kwa ada za 2025. Lakini mimi ni Mtanzania, sisi ukichukua wa kwao wa kwetu unauacha, na nina kiwanja Tanga sitaki maswali. Wakenya hilo mmeshalimaliza na katiba yenu ya 2010, chukueni. Mimi indefinite inanitosha, mradi nisikae nje miaka miwili mfululizo.

Mliokuwa mnahangaika na ule waraka wa serikali wa Mei 2025 wa kusogeza miaka mitano iwe kumi, soma mpaka ndani, wenza wa raia wa Uingereza wameandikiwa wabaki na mitano. WhatsApp walikuwa wameshatuzika.

Sasa alama. Ukaguzi nawapa nne kati ya tano. Ile moja wameikosa kwenye simu, hawapokei, utapiga mpaka uchoke, andika imeili wanajibu kesho yake. Kazi nzima, kwa aliyoyaona shoga yangu, mbili na nusu kwa kesi rahisi. Jumamosi hawafungui. Lifti hakuna, ngazi zimesimama, mwenye mtoto beba mgongoni uache kigari chini kwa yule kijana wa miwani, ni mstaarabu. Makopi piga nyumbani kwa sababu wao wanachaji kila ukurasa, na nenda na mwenza wako, maswali mengi ya rula yalikuwa yake yeye siyo yangu.